Gari Ni Lako, Kadi Ina Jina la Mwingine: Namna ya Kudai Umiliki Mahakamani Tanzania

Ni jambo la kawaida kukuta gari lililolipiwa fedha zote, linalokatiwa bima, linalofanyiwa matengenezo na kutumiwa na mtu mmoja kwa miaka, huku kadi yake ikiwa bado na jina la aliyeliuza. Mwenye gari huwa hana wasiwasi mpaka siku anapopata mteja wa kulinunua, au siku dalali wa mahakama anapobisha hodi akiwa na amri ya kulikamata kwa deni la yule ambaye jina lake limo kwenye kadi. Wakati huo muuzaji anaweza kuwa amehama, amefariki, au anadai nyongeza ya fedha ndipo atie saini. Mwongozo huu unahusu nini cha kufanya pale ambapo mlango uliobaki ni wa mahakama.

Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba mahakama haigawi umiliki. Inachofanya ni kupima ushahidi na kutamka nani alikuwa mmiliki tangu mwanzo, kisha kuamuru mambo yanayotokana na tamko hilo yatekelezwe. Kadi ya gari ni ushahidi mzito wa umiliki, na anayetajwa humo huchukuliwa kuwa ndiye mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo uwanja wako wote: una kazi ya kuthibitisha vinginevyo, na mzigo wa kuthibitisha ni wako, si wa yule mwenye jina lake kwenye kadi.

Kabla ya kulipia ada ya mahakama, hakikisha kwamba tatizo lako kweli linahitaji hakimu. Kama muuzaji yupo na yuko tayari, uhamisho unafanyika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa mkataba wa mauziano, kadi halisi, namba za mlipakodi za pande zote mbili na malipo ya kodi ya uhamisho pamoja na ushuru wa stempu. Kama kadi imepotea, njia ni ripoti ya upotevu kutoka polisi na maombi ya kadi nyingine, ambayo huombwa na mwenye jina. Kama ni herufi za jina zilizokosewa, hati ya kiapo na kitambulisho kwa kawaida hutosha. Nimeona watu wakiandaa kesi kwa jambo ambalo simu mbili za upole kwa muuzaji zingelimaliza, na kesi ile ile ikamfanya muuzaji aliyekuwa mzembe tu awe adui.

Tafuta mahali mnyororo ulipokatika

Gari lina historia ya mikono: aliyeliingiza nchini, aliyemuuzia wa pili, wa pili kwa wa tatu, mpaka kwako. Kaa chini uiandike historia hiyo kwa tarehe, majina na kiasi kilicholipwa katika kila hatua, kwa sababu aina ya shauri inategemea mahali mnyororo ulipokatika.

Ikiwa muuzaji yu hai na anakataa tu, au haonekani, shauri lako ni la madai ya kawaida linalotokana na mkataba, na ndilo nitakaloeleza kwa urefu baadaye.

Ikiwa muuzaji amefariki, usimshtaki marehemu. Shauri lililofunguliwa dhidi ya mtu aliyekwisha kufa ni batili, na utapoteza ada na muda. Anayeshtakiwa, au anayetia saini kwa hiari, ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mjane, kaka mkubwa au mwenyekiti wa ukoo hana mamlaka hayo kwa cheo chake cha kifamilia, hata kama wote mlikula naye meza moja siku ya mauziano. Waombe ndugu wafungue mirathi. Marehemu ambaye mali zake zinaongozwa na sheria ya kimila au ya Kiislamu, mirathi yake inaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako maombi hujazwa kwenye Fomu Na. I na uteuzi hutolewa kwa Fomu Na. IV, wengine huenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Katika Mahakama ya Mwanzo msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, kwa hiyo mpelekee nakala ya mkataba wako mapema ili gari lisiorodheshwe kama mali ya kugawiwa warithi. Familia ikikataa kabisa kufungua mirathi, sheria haimfungi mdai wa marehemu mikono: naye anaweza kuomba kuteuliwa, ingawa ni njia ndefu na yenye ubishi.

Ikiwa gari limekamatwa kwa deni la mtu wa kwenye kadi, usifungue kesi mpya kwanza. Amri ya XXI, kanuni ya 57 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inakupa nafasi ya kupeleka pingamizi katika mahakama ile ile iliyotoa amri ya ukamataji. Swali litakaloulizwa ni finyu: je, siku gari lilipokamatwa ulikuwa na haki juu yake au ulikuwa umelishikilia kwa niaba yako mwenyewe? Mkataba wenye tarehe ya kabla ya ukamataji, stakabadhi za malipo na bima yenye jina lako vitafaa zaidi kuliko hotuba ndefu. Nenda haraka, kwa maana pingamizi linalochelewa bila sababu linaweza kukataliwa, na gari lililokwisha kupigwa mnada ni vigumu kulirudisha. Pingamizi likishindwa, kanuni ya 62 bado inakuruhusu kufungua shauri la kuthibitisha haki yako.

Ikiwa gari liliibwa kabla halijafika kwako, hali ni chungu. Kanuni ya msingi katika Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, ni kwamba mtu hawezi kuuza haki asiyokuwa nayo, hivyo aliyenunua kwa mwizi, hata kwa nia njema na bei kamili, kwa kawaida hapati umiliki. Dai lako halisi ni dhidi ya aliyekuuzia, kwa kuvunja sharti kwamba alikuwa na haki ya kuuza, ili akurudishie fedha. Ni tofauti na mtu aliyempa tapeli gari lake kwa kurubuniwa: hapo mauziano ya kwanza hubatilika pale tu yanapotenguliwa, na mnunuzi aliyefuata akiwa hajui lolote anaweza kulindwa. Gari likiwa kituoni kama kielelezo cha kesi ya jinai, maombi ya kulirudisha hupelekwa mbele ya mahakama inayosikiliza kesi hiyo.

Na ikiwa gari liliingizwa nchini bila kulipiwa kodi, au namba ya chasi imegongwa upya, usitarajie tamko la umiliki kulisafisha. Ukamataji wa forodha unaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na migogoro ya kodi ina njia yake kupitia pingamizi kwa TRA kisha Bodi ya Rufani za Kodi. Mahakama za kawaida zimekuwa zikikataa mashauri ya kodi yanayovishwa nguo za mgogoro wa umiliki.

Ushahidi, na stempu ambayo wengi huisahau

Kusanya mkataba wa mauziano, stakabadhi au taarifa za benki, ujumbe wa malipo ya simu, kadi halisi kama unayo, nyaraka za bima za miaka yote, na taarifa za usajili kutoka TRA zinazoonyesha jina lililopo sasa. Namba ya usajili pekee haitoshi kulitambulisha gari. Andika pia namba ya chasi na ya injini baada ya kulikagua gari lenyewe, si kwa kunakili kutoka kwenye kadi. Tofauti ya tarakimu moja kati ya mkataba na chasi imewahi kutosha kumpa upande wa pili hoja ya kuvuruga kesi nzima.

Mkataba ulioandikwa lakini haukulipiwa ushuru wa stempu una kasoro itakayokuumbua kizimbani. Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, inazuia nyaraka inayotakiwa kulipiwa ushuru isipokelewe kama ushahidi mpaka ilipiwe. Wakili wa upande wa pili akiijua kazi yake atasimama mara tu unapoomba kuutoa mkataba kama kielelezo. Ushuru unaweza kulipwa kwa kuchelewa pamoja na adhabu yake, basi ulipe kabla ya kufungua shauri.

Kama hamkuandikiana mkataba, hujapoteza kila kitu. Makubaliano ya mdomo ni makubaliano, ila yanahitaji mashahidi waliokuwepo na mwenendo unaoyaunga mkono: fedha zilizohamishwa, funguo na kadi zilizokabidhiwa, miaka ya matumizi bila malalamiko. Ujumbe wa simu ambamo muuzaji anaandika kwamba atakuja kusaini wiki ijayo ni dhahabu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo, lakini mahakama hutazama ulitengenezwa na kutunzwa vipi, kwa hiyo usiifute simu, usiiuze, na usitegemee picha ya skrini uliyotumiwa na mtu mwingine.

Angalia pia kalenda. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai yatokanayo na mkataba yana miaka 6, na yale ya makosa ya madhara, kama vile kuzuia mali ya mtu isivyo halali, yana miaka 3. Muda huhesabiwa tangu haki ya kudai ilipozaliwa, kwa kawaida siku muuzaji alipokiuka ahadi yake, na shauri lililopitwa na muda hutupwa bila hata kusikilizwa.

Mahakama ipi, na nani ashtakiwe

Shauri hufunguliwa katika mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye mamlaka nalo, mahali mdaiwa anapoishi au kufanyia kazi, au pale chanzo cha mgogoro kilipotokea. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya deni la mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30 kwa mali inayohamishika. Ni mahali pazuri kwa muuzaji anayedai salio au mnunuzi anayetaka kurudishiwa fedha zake. Lakini unapotaka tamko la umiliki na amri ya kuhamisha usajili, mahali salama zaidi ni Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ambayo mamlaka yake kwa mali inayohamishika hufika shilingi milioni 200. Kinachopima mamlaka ni thamani ya gari au madai mahsusi, yaani yenye kiasi unachoweza kukithibitisha, wala si fidia ya jumla unayoiombea, ambayo kiasi chake hukadiriwa na mahakama; kudai fidia ya mamia ya mamilioni hakukupeleki Mahakama Kuu.

Mtu wa kumshtaki ni yule aliyekuuzia. Kama jina la kwenye kadi ni la mtu wa mbele yake ambaye hukuwahi kukutana naye, washtaki wote wawili, maana amri itakayotolewa itagusa haki ya huyo mwenye jina, na mahakama haipendi kumwondolea mtu haki bila kumsikiliza. Benki iliyokopesha kwa dhamana ya gari na ambayo bado inadai nayo isiachwe nje.

Hapa kuna mtego wa kuukwepa. Wengi huiunganisha TRA kama mdaiwa kwa sababu tu ndiyo inayotunza daftari la usajili. Kwa marekebisho ya mwaka 2020 ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, anayeshtaki taasisi ya serikali lazima atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na afungue shauri Mahakama Kuu. Asipofanya hivyo mwenendo wote unaharibika. Kama mgogoro wako ni na muuzaji na TRA haijakukosea lolote, iache nje. Iunganishe pale tu ambapo unalalamikia kitendo chake, mfano kumsajilia mtu mwingine gari lako, na hapo kubali gharama na muda vinavyoandamana nacho.

Kufungua shauri

Anza na barua ya madai yenye tarehe, inayoeleza mauziano, inayotaja hatua unayotaka ichukuliwe, na inayotoa muda, tuseme siku 14. Ipeleke kwa njia itakayoacha uthibitisho wa kupokelewa. Muuzaji akijibu kwa kukiri mauziano huku akidai fedha zaidi, amekuandikia nusu ya kesi yako.

Hati ya madai iwe na simulizi fupi kwa aya zilizopewa namba: nani, lini, kwa bei gani, gari lilikabidhiwa lini, ahadi ya kuhamisha kadi ilikuwa ipi na ilivunjwaje, chanzo cha madai kilitokea wapi, thamani ya gari, na kwa nini mahakama hiyo ina mamlaka. Kisha yanafuata maombi, na hapa ndipo ningependa utumie nusu ya muda wako, kwa sababu mahakama hutoa kile ulichoomba. Mtu anayeomba «haki yake ya umiliki» tu anaweza kushinda kesi na kurudi nyumbani na karatasi isiyotekelezeka. Omba waziwazi: tamko kwamba mdai ndiye mmiliki halali wa gari lenye namba ya usajili, chasi na injini zilizotajwa, amri kwa mdaiwa kukabidhi kadi halisi na kutia saini nyaraka zote za uhamisho ndani ya siku kadhaa, amri kwamba akishindwa, mahakama izitie saini nyaraka hizo kwa niaba yake, amri kwamba usajili ubadilishwe kuwa kwa jina la mdai kwa kuwasilisha tuzo, yaani hati ya amri za mahakama zinazotokana na hukumu, na mwisho, kama ombi mbadala, kurudishiwa bei ya ununuzi pamoja na riba, endapo itaonekana muuzaji hakuwa na haki ya kuuza. Ombi mbadala si udhaifu. Linakuokoa pale ambapo ushahidi wa upande wa pili unafichua jambo usilolijua.

Kama unaogopa gari litauzwa au kunyang'anywa kabla ya hukumu, ambatisha maombi ya zuio la muda chini ya Amri ya XXXVII ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, pamoja na hati ya kiapo. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1969, mwombaji anatakiwa kuonyesha mambo matatu: kwamba kuna suala zito la kuamuliwa na uwezekano wa yeye kushinda, kwamba bila zuio atapata madhara yasiyofidika, na kwamba atakayeumia zaidi kwa kunyimwa zuio ni yeye kuliko mdaiwa atakavyoumia likitolewa. Zuio hilo hudumu miezi 6, na linaweza kuongezwa lakini lisizidi mwaka 1 kwa jumla. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda yako, kwa kuwa karani hatakupigia simu kukukumbusha.

Shauri husajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama na ada hulipwa kwa namba ya malipo. Mdaiwa hupelekewa wito na ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi. Asipopatikana, usiishie kumwambia hakimu kwamba simu yake haipatikani. Omba ruhusa ya wito mbadala, ambao kwa kawaida hutangazwa gazetini au kubandikwa mahali alipokuwa akiishi, na utunze nakala ya tangazo. Akinyamaza baada ya hapo, utasikilizwa upande mmoja, lakini bado utatakiwa kuthibitisha madai yako. Wapo wanaokwenda siku hiyo mikono mitupu wakidhani kutokuwepo kwa mdaiwa ndiko ushindi wenyewe, na kesi yao inatupwa.

Akija na kujibu, mtapelekwa kwenye usuluhishi kabla ya kesi kusikilizwa, na hatua hiyo ina siku 30. Usiichukulie kama mzunguko wa kupoteza muda. Mashauri ya kadi za magari yanafaa sana kumalizwa hapo, kwa kuwa mara nyingi kinachobishaniwa ni salio dogo au nani alipe kodi ya uhamisho. Ila maandishi ya makubaliano yawe na meno: nani atatia saini nini, ofisi gani, tarehe ipi, nani atalipa nini, madeni na faini za nyuma ni za nani, na mahakama itie saini nyaraka iwapo mtu atakwepa. Makubaliano hayo yakisajiliwa huwa tuzo ya mahakama na hukaziwa, yaani hutekelezwa kwa lazima, kama hukumu nyingine.

Ukikosa uwezo wa kumlipa wakili, ulizia msaada wa kisheria unaotolewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Na tangu mabadiliko ya mwaka 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, kwa hiyo usione haya kuandaa hati zako kwa lugha unayoielewa hadi nukta ya mwisho.

Baada ya hukumu

Hukumu ni sababu, tuzo ndiyo inayotekelezwa. Omba nakala zilizothibitishwa za zote mbili, na usome tuzo neno kwa neno mbele ya karani: namba ya chasi ikikosewa humo, omba irekebishwe kabla hujaondoka jengoni. Mpe mdaiwa siku alizopewa. Zikipita, fungua maombi ya kukazia hukumu, ukiambatisha rasimu ya nyaraka za uhamisho ili mahakama izitie saini mahali pake. Mdaiwa naye ana haki ya kukata rufaa, lakini rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji mpaka aombe na kupewa amri ya kuusimamisha.

Tuzo haikuondolei kodi. Unapokwenda TRA chukua tuzo na hukumu zilizothibitishwa, nyaraka zilizosainiwa, kadi ya zamani au ripoti ya kupotea kwake, namba yako ya mlipakodi na fedha za malipo ya uhamisho, kisha utunze stakabadhi zake. Kama mahakama iliamuru mdaiwa alipe gharama hizo, utazidai kwake kwa kukazia hukumu hiyo hiyo. Kadi mpya ikitoka, ilinganishe na gari lenyewe na kitambulisho chako ungali dirishani.